Itifaki ya uelekezaji

Kidahizo: itifaki ya uelekezaji
Aina: kirai nomino, ngeli ya I-ZI
Wingi: itifaki za uelekezaji
Uwanja: TEHAMA, mawasiliano ya redio
Maana: utaratibu uliokubaliwa ambao vifaa vya mtandao huufuata ili kugundua, kuchagua na kudumisha njia ya kupitishia taarifa kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Kitomeo hiki kinashughulikia hasa matumizi ya istilahi hii katika mitandao ya papo kwa papo, yaani mitandao pasiwaya isiyo na mnara wala kituo kikuu, ambamo kila kifaa hutuma taarifa zake na papo hapo hupokea na kupitisha taarifa za wenzake. Uwanja huu umechaguliwa kwa kuwa ndimo maneno ya Kiswahili yanamopotosha wafasiri mara nyingi zaidi. Maneno kama masafa, dharura, mkononi, jirani na mafuriko yana maana zilizozoeleka, na kila moja huweza kumpeleka msomaji mahali ambapo mwandishi hakukusudia.

1. Asili ya maneno

Itifaki limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya makubaliano. Mzizi wake ndio uliozaa pia afiki na mwafaka, kwa hiyo msomaji anayejua mwafaka wa kisiasa ameshaishika nusu ya maana. Katika Kiswahili cha leo itifaki ina maana tatu zinazoishi pamoja.

Ya kwanza ni utaratibu wa heshima katika shughuli rasmi: nani atangulie, nani asalimiwe kwanza, nani aketi wapi. Msemaji wa Tanzania anayetaka kufupisha orodha ndefu ya salamu husema, «Itifaki imezingatiwa,» kisha akaingia kwenye hoja. Katika wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, ambako jengo jipya la Ikulu lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023, maana hii ndiyo inayomjia msikilizaji kabla ya nyingine zote.

Ya pili ni mkataba wa nyongeza kati ya nchi, kama Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010.

Ya tatu ni ya TEHAMA: kanuni zinazoviwezesha vifaa viwili au zaidi kuelewana. Maana hii haikutengwa na ile ya kwanza. Katika shughuli rasmi itifaki huamua nani aanze kusema, aseme kwa mpangilio gani na ajibiwe vipi. Kwa vifaa huamua mambo hayohayo. Mwalimu anayeanza na «itifaki imezingatiwa» hana haja ya kuomba radhi kwa ugeni wa istilahi, kwa kuwa wanafunzi wameshaisikia.

Uelekezaji ni nomino ya kitendo iliyoundwa kutokana na kitenzi elekeza, ambacho nacho kimetokana na elekea. Elekeza huchukua yambwa mbili: «Mzee alimwelekeza mgeni njia.» Kitenzi hiki kinafaa kwa sababu kinataja tendo la kumwonyesha mwingine pa kupita bila kumpeleka. Tofauti hii inarejewa katika sehemu ya 4.

Mtandao lina mzizi uleule ulio katika tanda, tandaa, tandaza na utando. Picha yake ya asili ni kitu kilichoenea juu ya eneo, kama utando wa buibui. Neno halitaji waya, mnara wala kampuni. Kwa hiyo vifaa vitano vinavyosikilizana uwandani ni mtandao kamili, hata kama havijaunganishwa na intaneti.

2. Papo kwa papo, si dharura

Katika lugha nyingi mitandao hii huitwa kwa maneno mawili ya Kilatini, ad hoc, yenye maana ya «kwa jambo hili». Mfasiri anayekutana nayo hushawishika kuchukua neno la kwanza linalomjia, na maneno manne hujitokeza.

Mtandao wa dharura. Hili linapotosha. Dharura ni jambo la ghafla linalodai kushughulikiwa haraka, na mtandao wa aina hii waweza kutumika siku zote pasipo dharura yoyote. Mtandao wa simu za zimamoto, kwa upande mwingine, ni wa dharura bila kuwa wa aina hii, kwa kuwa hutegemea minara. Halmashauri inayoomba kununuliwa «mtandao wa dharura» itaweza kuletewa kitu tofauti kabisa, na mwuzaji hatakuwa amekosea.

Mtandao wa muda. Hili linakaribia, lakini linataja urefu wa maisha ya mtandao badala ya namna unavyoundwa. Mtandao wa papo kwa papo waweza kudumu miaka.

Mtandao maalumu. Hili limeigwa kutoka kamati maalumu na kamati teule, ambazo kweli ni tafsiri nzuri za ad hoc katika utawala. Katika mtandao, hata hivyo, hakuna umaalumu wowote. Sifa yake ni kwamba kila kifaa ni sawa na kingine.

Mtandao wa papo kwa papo. Hili ndilo linalopendekezwa. Msomaji wa Tanzania analijua kutoka Bungeni Dodoma, katika maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo muulizaji huyatoa palepale na mjibuji hujibu palepale bila maandalizi ya maandishi. Vivyo hivyo, vifaa vinavyokutana huunda mtandao palepale, bila fundi kuupanga kabla. Kinachobebwa na maneno haya ni ukosefu wa maandalizi, na hicho ndicho kiini cha dhana.

Inapobidi kutaja kwamba vifaa vinatembea, iandikwe mtandao wa papo kwa papo wa vifaa vinavyohamahama. Urudufu wa hamahama una kazi yake: hama ni kuondoka mara moja, hamahama ni kubadili mahali tena na tena. Msemo wafugaji wa kuhamahama umeshaizoesha Tanzania maana hiyo. Mtandao wa mkononi usitumike hapa. Tangu simu ya mkononi ilipoenea, neno hilo limefungwa na kampuni za simu na minara yake, yaani kinyume cha kinachozungumzwa.

3. Dhana yenyewe: mgeni katika uwanda wa Chamwino

Uelekezaji hufahamika upesi kwa mfano wa mgeni anayeshuka garini Buigiri, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, akitafuta kaya ya mzee fulani iliyo mbali uwandani. Anaweza kusaidiwa kwa namna nne, na kila moja ina itifaki inayolingana nayo.

Namna ya kwanza: kila mtu ana habari zote tayari. Tuseme wakazi wote hupeana habari kila mara kuhusu nani anakaa wapi na nani yu karibu na nani. Mgeni akiuliza, yeyote humjibu papo hapo. Hizi huitwa itifaki tangulizi, kwa kuwa njia hutangulia hitaji. Mfano wake ni OLSR, iliyochapishwa Oktoba 2003 katika waraka RFC 3626 ulioandaliwa na Thomas Clausen na Philippe Jacquet. Kwa mpangilio wake wa kawaida kila kifaa hutoa salamu kila baada ya sekunde 2 ili majirani wajue kipo, na taarifa za muundo wa mtandao hutolewa kila baada ya sekunde 5. Ili taarifa hizo zisilemee hewa, kila kifaa huteua miongoni mwa majirani wake wachache wanaotosha kuwafikia majirani wote wa majirani, na ni hao wateule pekee wanaorudia kutangaza. Faida ni wepesi wa jibu. Gharama ni betri na hewa inayotumiwa hata siku ambayo hakuna mgeni.

Namna ya pili: njia hutafutwa anapokuja mwenye haja. Hakuna anayejua kaya iliko, lakini mgeni anauliza kaya ya kwanza, nayo inaziuliza zilizo jirani, nazo zinaendelea kuuliza mpaka swali limfikie mzee mwenyewe. Kila aliyeulizwa amekumbuka swali lilitoka kwa nani. Jibu hurudi kwa kufuata nyayo hizo, na kwa kurudi kwake njia huwa imepatikana. Hizi huitwa itifaki za hitaji. Methali aulizaye njia hapotei inazieleza vyema. Mfano wake ni AODV, iliyochapishwa Julai 2003 katika RFC 3561 na Charles Perkins, Elizabeth Belding-Royer na Samir Das. Ndani yake kuna ombi la njia, jibu la njia, na taarifa ya hitilafu, inayotumwa kifaa kimoja kinapotoweka katikati. Kuna pia namba ya mfuatano, ambayo hutenganisha habari mpya na ya kale. Bila namba hiyo, kaya mbili zingeweza kuelekezana zenyewe kwa zenyewe, na mgeni angezunguka kati yake pasipo kufika. Hali hiyo huitwa kitanzi.

Namna ya tatu: mgeni hupewa orodha. Kabla ya kuondoka anaandikiwa majina ya kaya zote atakazopitia, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeko njiani anayelazimika kukumbuka chochote. Huu ni uelekezaji wa chanzo, kwa kuwa njia yote hubebwa kutoka inakoanzia. Mfano wake ni DSR, ya David Johnson, Yih-Chun Hu na David Maltz, iliyochapishwa Februari 2007 katika RFC 4728. DSR nayo hutafuta njia pale tu inapohitajika. Kinachoitofautisha na AODV ni mahali kumbukumbu inapokaa: ndani ya ujumbe, si ndani ya vifaa vya njiani.

Namna ya nne: mgeni huonyeshwa alama. «Fuata upande wa ule mbuyu mkubwa.» Hahitaji kujua kaya zilizopo, ila ahakikishe kila hatua inamsogeza kule. Huu ni uelekezaji wa kijiografia. Kila kifaa hujua mahali kilipo na mahali mpokeaji alipo, na hukabidhi ujumbe kwa jirani aliye karibu zaidi na mpokeaji. Itifaki ya GPSR, iliyotolewa mwaka 2000 na Brad Karp na H. T. Kung, ni ya jamii hii. Tatizo lake analijua kila aliyewahi kutembea katika nchi yenye makorongo: waweza kufika ukingoni, mbuyu unauona ng'ambo, na hakuna pa kuvukia. Itifaki hulazimika kuwa na kanuni ya pili ya kuzunguka pengo.

Itifaki zinazounganisha namna ya kwanza na ya pili, kwa mfano kujua mapema kaya za karibu na kuuliza zile za mbali, huitwa itifaki mseto.

Mfano huu una mpaka wake, na mwalimu hana budi kuutaja. Kaya hazitembei. Katika mtandao wa vifaa vinavyohamahama, kaya zenyewe zinahama wakati mgeni yu njiani. Picha iliyo sahihi zaidi ni ya wachungaji walio na redio ndogo za mkononi wakati wa kiangazi, wakitawanyika asubuhi na kukusanyika mchana kwenye visima vya mchanga katika korongo. Njia iliyokuwepo saa 3 asubuhi kupitia mchungaji wa pili yaweza kuwa imekufa saa 4, kwa sababu ng'ombe wake wamepita nyuma ya kilima. Hakuna itifaki moja inayofaa hali zote hizo. Tangulizi hufaa pale mabadiliko yakiwa machache na mazungumzo mengi. Za hitaji hufaa pale mazungumzo yakiwa machache na betri ikiwa haba.

4. Uelekezaji na upitishaji

Maneno haya mawili huchanganywa hata katika maandishi ya wataalamu. Uelekezaji ni uamuzi: kujua njia ipi ifuatwe. Upitishaji ni utendaji: kuupokea ujumbe na kuukabidhi kwa kifaa kinachofuata. Mzee anayeonyesha njia ameelekeza, na kijana anayemsindikiza mgeni hadi kaya ya pili amepitisha. Kifaa kimoja huweza kufanya yote mawili, ila matendo yenyewe ni mawili, na hitilafu zake ni mbili. Njia yaweza kuwa sahihi na mpitishaji akawa mvivu, na mpitishaji aweza kuwa hodari akifuata njia potofu.

Tanbihi kuhusu maelekezo. Katika lugha ya serikali, kuelekeza ni kuagiza: «Mkuu wa wilaya ameelekeza ujenzi ukamilike.» Kwa hiyo maelekezo humaanisha maagizo. Maelekezo ya pakiti yatafahamika kuwa maagizo kuhusu pakiti. Itumike uelekezaji wa pakiti.

Kifaa kinachofanya kazi hii majumbani na maofisini hupewa majina matatu: ruta, kipanga njia na kisambaza data. La kwanza ni fupi na linaeleweka kwa mafundi. La pili linaeleza kazi yake barabara. La tatu linaeleza anachokiona mteja, yaani kugawiwa intaneti, lakini linaficha uamuzi wa njia na halifai katika maandishi ya kitaalamu. Katika mtandao wa papo kwa papo kila kifaa ni kipanga njia, hivyo hakuna haja ya kukipa kifaa kimoja jina hilo.

5. Maneno yenye maana mbili

Masafa. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Kwa asili ya Kiarabu ni umbali: «Alisafiri masafa marefu.» Katika utangazaji limekuwa pia idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde: «Kituo kinasikika katika masafa ya FM.» Sentensi kama «Kifaa kisizidi masafa yaliyoruhusiwa» ina tafsiri mbili. Ya kwanza humzuia mtumiaji asiende mbali. Ya pili humzuia asiguse mawimbi aliyopewa mwingine, jambo linalosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Anayekosea ya kwanza atapoteza mawasiliano, anayekosea ya pili atavunja sheria. Katika uwanja huu masafa libaki kwa mitetemo ya mawimbi, na kwa umbali ambao redio hufika litumike upeo wa mawasiliano.

Mafuriko. Kitendo cha kutuma ujumbe kwa majirani wote, nao kwa majirani wao wote, huitwa katika lugha nyingine kwa neno lenye maana ya mafuriko. Kwa msomaji wa Kiswahili mafuriko ni maafa, na «itifaki hutumia mafuriko» itasomwa kama kasoro. Kiswahili kina vitenzi vilivyogawana kazi hii vizuri: tawanya ni kwa kundi la watu au wanyama, sambaza ni kwa bidhaa na nakala, eneza ni kwa habari. Ombi la njia ni habari, basi liitwe uenezaji kwa wote. Mafuriko lihifadhiwe kwa hali ambapo uenezaji umepita kiasi na mtandao umeelemewa.

Mtandao wa jamii na mtandao wa kijamii. Silabi moja inatenganisha mambo mawili. Mtandao wa kijamii ni jukwaa la kuzungumzia na kupashana habari mtandaoni. Mtandao wa jamii ni miundombinu ya mawasiliano inayomilikiwa na wakazi wenyewe. Mfano wake mkoani Dodoma ni Mtandao wa Jamii wa Kondoa, uliojengwa kwa ushirikiano wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao hutumia mapengo ya masafa ya televisheni kufikisha intaneti. Huo nao si lazima uwe wa papo kwa papo: jamii hutaja mmiliki, papo kwa papo hutaja muundo. Mtandao mmoja waweza kuwa vyote viwili, kimojawapo, au kukosa vyote.

Mruko na hatua. Kila mara ujumbe unapotoka kifaa kimoja kwenda kingine, umefanya mruko mmoja. Hatua hufaa kwa maelezo ya kawaida, lakini huchanganyika na hatua kwa maana ya jambo lililofanywa: «Mtandao ulichukua hatua 3» huacha shaka.

Nodi na kifundo. Yote mawili hutumika kwa pahala mistari ya mtandao inapokutana. Kifundo humkumbusha msomaji mguu, na nodi humkumbusha mwanaisimu mchoro matawi. Katika mtandao wa papo kwa papo neno kifaa hutosha mara nyingi.

6. Upatanisho wa kisarufi

Jirani ni nomino ya mtu, na hupatanishwa kwa A-WA: jirani anayesikika, majirani wanaosikika. Inapotajwa redio, waandishi huyumba. Baadhi huandika jirani inayosikika, muundo unaoliacha jirani likining'inia kati ya mtu na kitu. Suluhisho ni kulifanya jirani kuwa kivumishi, na kukiachia kifaa upatanisho: kifaa jirani kinachosikika, vifaa jirani vinavyosikika. Pale mwandishi anapojenga mfano wa makusudi wa kaya na wakazi, kama katika sehemu ya 3, upatanisho wa A-WA ni halali, mradi usibadilishwe katikati ya aya.

Njia haibadiliki katika wingi, basi kiambishi cha kitenzi ndicho kinachohesabu. Njia imepotea ni moja, njia zimepotea ni nyingi. Katika ripoti ya hitilafu tofauti hiyo ni kubwa: ya kwanza ni ujumbe mmoja kukwama, ya pili huenda ni mtandao wote.

Vifupisho kama AODV na OLSR ni majina maalumu. Hufuata upatanisho wa itifaki: AODV hutafuta, OLSR imechapishwa. Havitafsiriwi, lakini kazi ya kila kimoja ielezwe kinapotajwa mara ya kwanza.

7. Mfano halisi: punda milia wa Laikipia

Mitandao ya aina hii ilianza kufanyiwa utafiti wa kijeshi Marekani katika miaka ya 1970, kwa redio za kupitisha pakiti. Afrika Mashariki ina mfano wake unaojulikana duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walibuni mfumo ulioitwa ZebraNet, ulioelezwa kwa maandishi mwaka 2002 na kujaribiwa Laikipia, Kenya, Januari 2004. Punda milia walivishwa kola zenye kifaa cha kutambua mahali na redio. Porini hapakuwa na mnara wa kutegemewa, na watafiti hawakuweza kumfuata kila mnyama.

Suluhisho lilikuwa kuwafanya wanyama wenyewe wapashane habari. Punda milia wawili walipokaribiana, kola zao zilibadilishana kumbukumbu za safari. Mtafiti aliyepita na gari karibu na mnyama mmoja aliweza hivyo kupata habari za wengine ambao hakuwaona. Itifaki mbili zilichunguzwa. Moja ilikuwa uenezaji kwa wote: mpe kila unayekutana naye. Nyingine ilitazama historia: mpe yule ambaye siku zilizopita amefanikiwa zaidi kufikisha habari kwa gari la watafiti.

Kwa mfasiri, mfano huu una faida ya pekee. Hapa ujumbe hausafiri kwa kurushwa tu. Husafiri pia kwa kubebwa. Kola huhifadhi habari kwa saa nyingi mpaka ikutane na nyingine. Kitenzi tuma hakitoshi. Hifadhi, beba, kabidhi ni mfuatano unaoeleza kinachotendeka, na wote ni maneno ya kila siku. Anayezijua barua zilizokuwa zikikabidhiwa dereva wa basi ili zifike kijiji kisicho na posta hahitaji maelezo ya ziada.

8. Sentensi za mfano

a) Itifaki ya uelekezaji iliyochaguliwa haifai, kwa kuwa vifaa huhamahama kuliko taarifa zake zinavyoweza kuhuishwa.
b) Ombi la njia lilienezwa kwa vifaa jirani vyote, na jibu likarudi kwa njia ya miruko 3.
c) Upeo wa mawasiliano wa redio hizi ni mfupi, hivyo ujumbe hulazimika kupitishwa na vifaa vya katikati.
d) Jedwali la njia lilibaki na habari za kale, pakiti zikaingia katika kitanzi.
e) Mtandao huu ni wa papo kwa papo: hauna mnara, na kifaa kimoja kikizimika vingine hutafuta njia mpya.

9. Makosa ya kawaida

Si vyema: Tunajenga mtandao wa dharura usio na minara.
Vyema: Tunajenga mtandao wa papo kwa papo usio na minara.

Si vyema: Masafa ya kifaa hiki ni mita 100.
Vyema: Upeo wa mawasiliano wa kifaa hiki ni mita 100.

Si vyema: Itifaki hutoa maelekezo ya pakiti.
Vyema: Itifaki huratibu uelekezaji wa pakiti.

Si vyema: Wanakijiji wamefunga mtandao wa kijamii wa kupata intaneti.
Vyema: Wanakijiji wamefunga mtandao wa jamii wa kupata intaneti.

10. Neno kwa walimu

Mtoto wa Chamwino mara nyingi huanza na Cigogo nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa kompyuta kwa Kiingereza sekondari. Dhana ya uelekezaji humfikia katika lugha ya tatu, ilhali ujuzi wa kuuliza njia, kukumbuka nani alisema nini, na kupima habari mpya dhidi ya ya kale ameupata katika lugha mbili za mwanzo. Mwanafunzi aliyekariri kirefu cha AODV bila kuweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini namba ya mfuatano inahitajika hajajua namba hiyo ni ya nini. Zoezi moja lafaa kwa darasa zima: kila mwanafunzi ajue majina ya wawili walioketi kando yake tu, kisha ujumbe ulioandikwa kwenye karatasi utafutiwe njia kutoka kona moja ya darasa hadi nyingine. Baadaye watatu wahamishwe viti, zoezi lirudiwe. Maneno ya kitomeo hiki yatahitajika yenyewe, na wanafunzi watayatumia kabla hawajaambiwa kuwa ni istilahi.

Vidahizo vinavyohusiana: itifaki, jedwali la njia, kipanga njia, kitanzi, masafa, mruko, mtandao wa jamii, mtandao wa papo kwa papo, pakiti, pasiwaya, uenezaji, upeo wa mawasiliano, upitishaji.